Kufunga Jino Baada ya Tiba ya Mzizi: Mwongozo kwa Wahudumu wa Meno Kisiwani Mombasa

Mwongozo huu ni wa madaktari wa meno, maafisa wa afya ya kinywa, wauguzi na wasaidizi wanaohudumu Kisiwani Mombasa, kuanzia kliniki za chumba kimoja za Mji wa Kale hadi idara za hospitali kubwa. Unahusu muda mfupi ambao huharakishwa mno: tangu gatapacha inapokatwa kwenye mdomo wa mfereji hadi kijazo cha kudumu kinapogandishwa juu yake. Gundi inayoachia baada ya mwaka au miwili mara nyingi ilidhoofishwa siku ileile ilipopakwa, na kilichoidhoofisha ni dawa tulizotumia wenyewe kuusafisha mzizi. Dawa hizo hatuwezi kuziacha. Tunachoweza ni kuziondoa kwenye dentini, kwa mpangilio na subira, kabla ya kufungua chupa ya gundi.

Anayedhani kwamba hili ni jambo dogo na atazame ushahidi. Mwaka 1990 Mahmoud Torabinejad na wenzake nchini Marekani waliweka bakteria juu ya mizizi iliyokwisha kujazwa lakini haina kifuniko. Aina moja ya bakteria ilipenya hadi ncha katika zaidi ya nusu ya mizizi ndani ya siku 19. Aina ya pili ilifanya hivyo katika karibu nusu ya mizizi kwa siku 42. Miaka mitano baadaye Ray na Trope walichunguza picha za eksirei za meno yaliyotibiwa, wakaona kuwa ubora wa kijazo cha juu ulihusiana zaidi na afya ya mfupa kwenye ncha ya mzizi kuliko hata ubora wa ujazaji wa mzizi. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba vyote viwili vinahitajiana, na hiyo ndiyo kauli ya kushika: mzizi uliojazwa vizuri chini ya kijazo kinachovuja ni kazi iliyopotea.

Zamani amalgamu ilituvumilia. Mate yakipenya kidogo wakati wa kuziba, bado ilishikilia kwa umbo la tundu. Lakini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umeuelekeza ulimwengu kuipunguza na kuiacha, na kliniki nyingi zimehamia kwenye kompoziti. Kompoziti inategemea gundi, na gundi haisamehe uchafu.

Dentini iliyopita kwenye klorini

Msingi wa kazi yetu uliwekwa mwaka 1955, pale Michael Buonocore alipoonyesha kwamba asidi ya fosforasi huifanya enameli ishikwe na utomvu. Dentini ilichukua muda mrefu zaidi kueleweka. Mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi wa Japani alieleza tabaka mseto: asidi huyeyusha madini ya juu ya dentini, nyuzi za kolajeni hubaki wazi, utomvu hupenya katikati yake na kugandia humo. Kwa hiyo kinachoshikwa ni kolajeni. Ikiharibika, hakuna cha kushika.

Sasa fikiria tunachokifanya ndani ya mzizi. Haipokloraiti ya sodiamu, ambayo kliniki nyingi huiita Jik hata ikiwa si ya chupa hiyo, tunaipenda kwa sababu huyeyusha mabaki ya kiini na kuua bakteria. Lakini haichagui. Huila pia kolajeni ya kuta za chumba cha kiini, na huacha oksijeni ndani ya dentini. Oksijeni hiyo huzuia utomvu usigande sawasawa pale hasa unapogusana na jino. Juu taa itaonyesha kijazo kigumu na kinachong'aa, ilhali chini kuna utando laini ambao haukugandishwa kabisa. Hidrojeni peroksaidi huleta shida ileile, kwa hiyo anayeng'arisha jino lililotibiwa kwa dawa za namna hiyo asubiri wiki moja hadi mbili kabla ya kugandisha kompoziti.

Tiba ya hitilafu hii inajulikana. Mwaka 2001 watafiti walioongozwa na Lai walionyesha kuwa askobeti ya sodiamu ya asilimia 10, ikikaa juu ya dentini dakika 10 baada ya haipokloraiti, ilirudisha nguvu ya mshiko iliyopotea. Dawa hii hufanya kazi ya kupokonya oksijeni. Ichanganywe siku ileile ya kutumiwa, kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, kwa sababu ikikaa kwenye joto na hewa hubadilika rangi na kupoteza nguvu. Vidonge vya vitamini C vya dukani visisagwe vikatumiwa badala yake: ni asidi, na vina sukari na rangi.

Kliniki isiyo na askobeti bado ina njia. Haipokloraiti isiwe dawa ya mwisho kugusa chumba cha kiini. Maliza kwa EDTA ya asilimia 17 kwa dakika moja, kisha suuza kwa maji ya chumvi ya hospitali kwa wingi. Baada ya kujaza mfereji, pitisha biti ya duara kwa mwendo wa polepole kuzunguka kuta zote na sakafu ya chumba, ukitoa ngozi nyembamba tu ya dentini hadi uone uso mpya uliokauka vizuri na usio na nta wala rangi ya dawa. Hatua hii haigharimu shilingi hata moja na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Wapo wanaoshauri kumrudisha mgonjwa nyumbani kwa wiki moja ili oksijeni itoke yenyewe. Kwa kisiwa hiki, ambako mgonjwa asiye na maumivu harudi, ushauri wangu ni kufanya upya uso wa dentini na kufunga siku hiyohiyo.

Karafuu

Unguja na Pemba zimeuza karafuu duniani tangu karne ya 19, na nyumba chache za Mji wa Kale hazina karafuu ya kutia kwenye jino linalouma. Inatuliza kweli, kwa sababu ya yujenoli, sehemu kubwa ya mafuta yake. Yujenoli hiyohiyo ndiyo tunayoichanganya na zinki oksaidi kutengeneza kijazo cha muda na baadhi ya saruji za mfereji, na ndiyo harufu ambayo mgonjwa huitambua akifungua mlango wa kliniki. Kwa gundi ni adui: hunasa chembe zinazotakiwa kuanzisha ugandishaji, na utomvu hubaki laini.

Pale unapojua kwamba jino litafungwa kwa kompoziti, tumia saruji ya mfereji yenye utomvu wa epoksi au ya aina ya bayoseramiki, na kijazo cha muda kisicho na yujenoli. Mgonjwa akija na zinki oksaidi iliyowekwa kwingine, itoe yote hadi kwenye pembe, sugua kwa unga wa pamisi na maji, futa kwa pamba yenye alkoholi, kisha ondoa ngozi ya juu ya dentini kwa biti. Alkoholi peke yake haitoshi, kwa kuwa yujenoli huingia ndani ya vijitundu vya dentini. Muulize mgonjwa kwa heshima iwapo ametia mafuta ya karafuu tangu miadi iliyopita. Usimkaripie. Alitafuta nafuu kwa kile alichonacho.

Hidroksaidi ya kalsiamu inayoachwa kati ya miadi nayo hujificha kwenye kuta, na ubesi wake hudhoofisha gundi zenye asidi yake ndani. EDTA na brashi ndogo huitoa.

Kinachokula gundi polepole

Hata kazi iliyofanywa vizuri huzeeka. Mwaka 2004 David Pashley na wenzake walionyesha kwamba ndani ya dentini yenyewe mna vimeng'enya vinavyokula kolajeni ambayo utomvu haukuifunika. Havihitaji bakteria. Asidi yetu huviamsha, na maji huvipa nafasi. Ndiyo maana asidi ya fosforasi isizidi sekunde 15 juu ya dentini: ikikaa zaidi huchimba ndani kuliko utomvu unavyoweza kufika, na ule ukanda mtupu ndio unaoliwa.

Kloheksidini ya asilimia 2, ikipakwa kwa sekunde 30 hadi 60 juu ya dentini baada ya kuosha asidi na kukaushwa kwa pamba bila kusuuzwa, hupunguza kasi ya vimeng'enya hivyo. Huchelewesha uharibifu, haiuzuii milele. Kloheksidini isikutane na haipokloraiti, maana hutoa mashapo ya rangi ya kahawia yanayoziba dentini na kuchafua jino. Suuza vizuri kati ya moja na nyingine.

Joto, unyevu na maji ya kisiwa

Miongozo iliyo ndani ya maboksi ya gundi huandikiwa vyumba vyenye kiyoyozi na hewa kavu. Mombasa wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 za selsiasi, na masika yakiingia unyevu hupanda zaidi. Gundi nyingi zimeyeyushwa ndani ya asetoni au ethanoli, ambazo hupaa kwa kasi. Chupa ikiachwa wazi, au tone likikaa kwenye kikombe tangu kuanza kwa matayarisho, kinachobaki ni utomvu mzito usioweza kupenya. Tone litolewe wakati brashi iko mkononi. Chupa ifunikwe papo hapo.

Hifadhi gundi kwenye friji kama mtengenezaji anavyoagiza, lakini itolewe mapema na ifikie joto la chumba ikiwa bado imefungwa. Chupa baridi ikifunguliwa katika hewa yetu hutoa umande, na maji hayo huingia ndani. Friji ya dawa iwe na kipimajoto na daftari la kuandikwa asubuhi na jioni. Stima ikikatika kwa saa nyingi, andika pia, kwa kuwa gundi iliyopikwa na kupozwa mara kadhaa haionyeshi dalili yoyote kwa macho.

Pumzi ya mgonjwa nayo ina maji. Mpira wa kutenga jino ndio kinga ya pekee inayotosha, na ambaye aliutumia wakati wa kusafisha mzizi hana sababu ya kuutoa kabla ya kuziba. Pamba kwenye shavu hazitoshi kwa gego la chini hapa kwetu.

Kagua kompresa. Katika hewa ya pwani tangi hujaa maji haraka, na lisipofunguliwa kila siku kutoa maji, hewa unayopuliza kukausha dentini huwa inamwagia maji na mafuta. Kipimo ni rahisi: puliza juu ya kioo cha kinywa kwa sekunde chache. Kikipata madoa, usigandishe jino siku hiyo mpaka kichujio kibadilishwe.

Visima vingi vya kisiwa, kilichosimama juu ya mawe ya matumbawe na kuzungukwa na bahari, vina maji ya chumvi au ya magadi. Maji hayo huacha ganda kwenye mirija na hayafai kusuuzia dentini iliyotiwa asidi. Jaza chupa ya kiti cha meno kwa maji yaliyokusanywa mvuke, yaleyale ya kuchemshia vifaa. Ni gharama ndogo, na mirija itadumu.

Kazi yenyewe

Kata gatapacha milimita 1 hadi 2 chini ya mdomo wa kila mfereji, funga midomo hiyo kwa tabaka jembamba la kompoziti ya majimaji au glasi ayonoma, na baada ya hapo andaa kuta zilizobaki. Ufungaji wa midomo hulinda mzizi hata kijazo cha juu kikivunjika baadaye.

Asidi iwekwe kwanza kwenye enameli, na ikae humo sekunde 30. Ukitumia gundi yenye asidi yake, usiipeleke asidi ya fosforasi kwenye dentini. Gundi zenye kiungo cha MDP zina faida hapa, kwa sababu hushikana na kalsiamu ya jino kwa kemia na kuvumilia maji kwa muda mrefu. Sugua gundi kwa brashi sekunde 20 kamili. Kuipaka tu ikatulia hakutoshi. Puliza kwa upole hadi utando usisogee tena, na hapo tu uwashe taa.

Kuhusu taa, sakafu ya chumba cha kiini cha gego huwa milimita 7 au zaidi chini ya ncha ya taa, na mwanga hufifia sana kwa umbali huo. Ongeza muda mara mbili kwa tabaka la kwanza. Pima nguvu ya taa mara moja kwa mwezi, futa ncha kila baada ya mgonjwa, na betri ijae kabla ya kazi kuanza, siyo wakati mpira umekwisha kufungwa kwenye jino. Msaidizi avae miwani ya rangi ya chungwa na atazame mahali taa inapoelekea. Taa inayoshikwa huku uso umegeuzwa pembeni hugandisha ufizi badala ya kijazo.

Kompoziti hunywea inapoganda. Ndani ya chumba chenye kuta pande zote, kunywea huko huivuta gundi kutoka ukutani, kwa hiyo jaza kwa tabaka za mshazari zisizozidi milimita 2. Ndani ya mfereji hali ni mbaya zaidi, maana utomvu umebanwa kila upande na nafasi ya kulegea karibu haipo. Nguzo ya nyuzi isiwekwe kwa mazoea. Haitii jino nguvu. Kazi yake ni kushikilia kompoziti pale ambapo kuta za kutosha hazikubaki. Na ukitumia utomvu unaoganda wenyewe bila taa, hakikisha kwamba gundi yako inakubaliana nao: gundi nyingi za chupa moja zina asidi inayozuia ugandaji huo, na nguzo huchomoka baadaye ikiwa nzima.

Jino lifunikwe

Mwaka 1989 Reeh na wenzake walipima ukakamavu wa meno. Kutoboa kwa ajili ya tiba ya mzizi kuliupunguza kwa asilimia 5 tu. Tundu linalokata kingo zote mbili za jino liliupunguza kwa asilimia 63. Kwa hiyo jino la mbele lenye tundu dogo nyuma hutoshwa na kompoziti. Gego lililopoteza ukingo mmoja au kingo zote mbili linahitaji vilele vyake vifunikwe, kwa taji au kwa kompoziti inayopanda juu ya vilele iwapo taji halimudiki. Mwaka 2004 Salehrabi na Rotstein, waliofuatilia zaidi ya meno milioni 1.4 Marekani, waliona asilimia 97 yakiwa bado mdomoni baada ya miaka 8. Kati ya yale yaliyong'olewa, asilimia 85 hayakuwa yamefunikwa kikamilifu. Wakati wa kuandaa taji, acha ukanda wa jino lenyewe wenye urefu wa milimita 1.5 hadi 2 kuzunguka, ili taji likumbatie jino na siyo kompoziti peke yake.

Hapa mazoea ya mji yanahusika. Popoo ya tambuu ni ngumu kama kokoto, na mbegu za mabuyu huvunjwa kwa meno muda mrefu baada ya sukari kuisha. Muguka hutafunwa upande mmoja kwa saa nyingi, tena mara nyingi na soda. Jino lisilo na kiini huweza kupata mzigo mkubwa bila mwenyewe kugutuka. Uliza juu ya mambo haya kabla ya kuamua namna ya kufunika, na uandike majibu.

Kuzungumza na mgonjwa

Mgonjwa huvunja miadi kwa sababu maumivu yamekwisha. Anayevuka kwa feri kutoka Likoni, au anayefunga duka lake Biashara Street ili aje kliniki, ana haki ya kujua tangu siku ya kwanza ni ziara ngapi zitahitajika na gharama yote ni kiasi gani, pamoja na kijazo na taji. Bei ya taji ikitajwa mwishoni, huonekana kama nyongeza, na mtu huondoka na kijazo cha muda hadi kimong'onyoke.

Maneno yawe mepesi. Mfano: "Mama, mzizi tumeutibu, lakini jino bado halijafungwa. Hii dawa nyeupe ni ya wiki mbili tu. Ikitoka, vijidudu vitashuka tena na kazi yote itarudiwa. Nitakuona Jumatano?" Mtu wa makamo aitwe mama au baba, kijana aitwe kwa jina lake, na wote waelezwe kwa Kiswahili.

Ramadhani ipangiwe mapema. Wengi hupendelea kutoguswa mdomo mchana wa mfungo, na wengine husubiri hadi baada ya Idi. Uamuzi huo ni wao na mashekhe wao. Wajibu wetu ni kutoanza tiba ya mzizi mwishoni mwa Shaabani bila uhakika wa kuimaliza, au kutenga saa za baada ya futari. Kijazo cha muda kisichozidi wiki mbili au tatu kiwe na unene wa milimita 4 angalau. Chini ya hapo huvuja.

Mgonjwa akirudi baada ya miezi mitatu au zaidi gatapacha ikiwa wazi kwa mate, usifunike juu yake hata kama hana maumivu na picha ni safi. Mfereji usafishwe na kujazwa upya.

Ombi la mwisho linahusu kumbukumbu. Kadi ya mgonjwa isiandikwe kwamba tiba ya mzizi imekamilika siku gatapacha ilipowekwa. Iandikwe hivyo siku kijazo cha kudumu kilipogandishwa au taji lilipovikwa, pamoja na jina la gundi, namba ya bechi yake, dawa ya mwisho iliyogusa dentini, na jina la aliyeshika taa.